Kuishi Ughaibuni kwa Kutunza Paka na Mbwa: Yajue Haya Kabla ya Kukata Tiketi

Mwishoni mwa Julai, shule za Uingereza zinapofungwa, familia nyingi hufungasha mizigo kwenda Hispania au Ugiriki na kubaki na shida moja: nani atabaki na paka? Ziko nyumba za kulaza wanyama, lakini hutoza kwa kila usiku, na paka aliyezoea dirisha lake akihamishwa anaweza kususa chakula. Jirani naye kasafiri. Hapo ndipo hutafutwa mtu wa kuaminika aje alale humo ndani, amlishe paka, amwagilie maua na kuokota barua mlangoni. Halipwi mshahara, wala halipi kodi. Mwenye nyumba anaondoka roho yake ikiwa imetulia, na mgeni anapata kitanda, jiko na mashine ya kufulia kwa wiki mbili, pengine kwa miezi mitatu.

Utaratibu huu ni wa kawaida Uingereza, Australia, New Zealand, Ufaransa, Canada na Marekani. Tovuti ya TrustedHousesitters, ambayo ni miongoni mwa zile kubwa, ilianzishwa Uingereza mwaka 2010. Nomador ina asili ya Ufaransa. Waaustralia wana Aussie House Sitters, na wenzao wa New Zealand wana Kiwi House Sitters. Wapo watu, hasa wastaafu na wale wanaofanya kazi zao kwa kompyuta, wanaomaliza mwaka mzima wakitoka nyumba hii kwenda ile bila kulipia hoteli.

Makala haya ni kwa msomaji wa Kiswahili anayejiuliza kama mlango huo uko wazi kwake pia. Jibu langu ni kwamba uko wazi, ila hauko wazi kwa upana anaoupata mwenye pasipoti ya Uingereza au Australia. Anayekuambia vinginevyo anakuuzia ndoto. Kwa sababu hiyo, mambo ya paka na mbwa yatasubiri kidogo. Tuanze na fedha na sheria.

Kinachopungua ni gharama ya kulala, basi. Nauli ya ndege iko palepale. Viza iko palepale: ombi la viza ya muda mfupi ya nchi za Schengen za Ulaya kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukikataliwa hazirudi. Schengen pia hudai bima ya safari inayofikia angalau euro 30,000 kwa matibabu na kurejeshwa nyumbani. Uanachama wa tovuti kubwa hupita dola 100 za Marekani kwa mwaka, ingawa zile za nchi mojamoja huwa nafuu zaidi. Kisha kuna chakula, nauli za treni kutoka nyumba moja hadi nyingine, na usiku wa katikati ambao huna nyumba ya kutunza. Mtu anayekosa akiba ya kujilaza hosteli kwa siku kadhaa bila kutetereka bado hajawa tayari kwa safari hii. Wenye nyumba huahirisha safari zao. Mama mzazi huugua, ndege hufutwa, na wewe unajikuta na begi lako kituoni.

Afisa wa mpakani na neno "kazi"

Hapa naomba msomaji asome polepole.

Wewe unajiona mgeni anayemsaidia mwenyeji wake. Sheria za uhamiaji za nchi nyingi hazioni hivyo. New Zealand, kwa mfano, huhesabu kuwa kazi ni shughuli yoyote inayofanywa kwa faida au malipo, na chakula na malazi vinaingia katika hesabu hiyo kwa kuwa vina thamani ya fedha. Australia husema kazi ni shughuli ambayo kwa kawaida hulipiwa nchini humo, na utunzaji wa mbwa kule watu hulipia. Canada hutazama kama unachokifanya kinashindana na ajira za wenyeji. Uingereza humkataza aliyeingia kwa viza ya matembezi kufanya kazi au kutoa huduma, na hata kama viza yako ni ya miezi sita, hairuhusu kuifanya nchi hiyo makazi yako kwa kuingia na kutoka.

Mwaka 2022 mwanamke mmoja raia wa Australia alizuiwa uwanja wa ndege wa Los Angeles akiwa anapita kuelekea Canada kutunza paka. Maafisa waligundua kwamba safari za nyuma alikuwa amekaa katika nyumba za watu huko Marekani kwa kubadilishana na utunzaji wa wanyama. Wakaona amefanya kazi bila kibali, wakamrudisha kwao. Huyo alikuwa na pasipoti ambayo haihitaji viza ya kawaida kuingia Marekani. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Burundi ajiulize yeye atahojiwa vipi.

Wapo wanaoshauri udanganye: sema unatembelea rafiki, futa ujumbe kwenye simu, usitaje paka. Napinga ushauri huo kwa nguvu zangu zote. Kusema uongo kwa afisa wa uhamiaji ni kosa zito kuliko lile unalojaribu kulificha. Linaweza kukufungia mlango wa nchi hiyo kwa miaka mingi, na fomu za viza za nchi nyingine zitakuuliza kama umewahi kukataliwa au kufukuzwa mahali. Kosa la wiki mbili linaweza kuharibu safari ya masomo au ya matibabu miaka kumi baadaye. Mwandikie ubalozi barua pepe, eleza wazi unachotaka kufanya, uliza kama viza ya matembezi inakiruhusu, na uhifadhi jibu. Barua ya tovuti inayosema "wanachama wetu si wafanyakazi" haina uzito mbele ya afisa. Uamuzi ni wake.

Je, nani basi anafaidika na jambo hili bila kulala macho wazi? Kwa maoni yangu ni wale ambao tayari wana haki ya kuishi huko. Wapo wengi kati yetu. Muuguzi Mkenya mwenye ukaazi wa kudumu Uingereza anaweza kumaliza likizo yake Cornwall au Scotland akiwa na mbwa wa watu badala ya kulipia hoteli. Mtanzania mwenye kibali cha kuishi Ujerumani anaruhusiwa kuzitembelea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 katika kila siku 180, ingawa ruhusa hiyo ni ya matembezi, kwa hiyo swali la kazi analo bado akivuka mpaka. Mkongomani aliyepata uraia wa Ubelgiji au Canada yuko huru zaidi katika nchi yake mpya. Mwanafunzi asome masharti ya viza yake, maana ya Uingereza, kwa mfano, huweka kikomo cha saa za kazi kwa wiki na huzuia kujiajiri. Wale wanaofanya kazi kwa mtandao wanaweza kutazama viza maalumu ambazo Ureno na Hispania zimezianzisha katika miaka ya karibuni. Masharti ya kipato ni makubwa, lakini anayeyatimiza anaishi kihalali.

Karibu na nyumbani nako kuna nafasi. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki huingia nchi nyingi wanachama bila viza na anaweza kupewa hadi miezi sita. Wakenya, tangu Januari 2023, huingia Afrika Kusini bila viza kwa jumla ya siku 90 kwa mwaka, na Cape Town ni mji ambao wenye nyumba huwatafuta watunzaji mara kwa mara. Mkenya asisahau cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Afrika Kusini hukidai. Na kuingia bila viza hakumaanishi ruhusa ya kufanya kazi, kwa hiyo swali lile la ubalozini linabaki.

Siku zako za Schengen zihesabu mwenyewe. Tangu Oktoba 2025 mipaka ya nchi hizo imeanza kusajili picha na alama za vidole za wageni kwa kompyuta badala ya kutegemea mihuri, kwa hiyo siku ya 91 itaonekana hata kama hakuna anayekutazama usoni.

Uaminifu hujengwa nyumbani

Mwenye nyumba wa Bristol hakujui. Anachokiona ni picha yako, maelezo uliyoandika na ushuhuda wa watu uliowatunzia wanyama. TrustedHousesitters husimamisha tangazo likishafikisha maombi matano, na nyumba nzuri ya London hupata matano hayo upesi mno. Asiye na ushuhuda hata mmoja atabaki akitazama.

Lakini si lazima ushuhuda wa kwanza utoke ng'ambo. Masaki na Oysterbay jijini Dar es Salaam, Gigiri, Runda na Karen jijini Nairobi, Nyali kule Mombasa, wanaishi wafanyakazi wa balozi, wa mashirika ya kimataifa na wa Umoja wa Mataifa wenye paka na mbwa, nao husafiri kila Desemba na kila Julai. Jitolee kwa mmoja, fanya kazi nzuri, omba barua yenye namba ya simu ya kumthibitisha. Wa pili atakuja kwa mdomo wa yule wa kwanza. Nairobi kuna KSPCA, chama cha siku nyingi cha kulinda wanyama, ambacho kina makao ya mbwa na paka waliotupwa. Lamu kuna kliniki ya Donkey Sanctuary inayotibu punda. Kujitolea mahali kama hapo kutakufundisha kumshika mnyama mwenye hofu, na ni jambo la kuandika kwenye wasifu wako bila kutia chumvi.

Chukua pia hati ya polisi ya kutokuwa na rekodi ya uhalifu. Kenya watu huiita cheti cha tabia njema na huombwa kupitia eCitizen. Tanzania hutolewa na Jeshi la Polisi. Wenye nyumba wengi hawataidai, lakini ukiitaja kwenye maelezo yako inatuliza moyo wa mtu anayekaribia kukukabidhi funguo.

Kuna jambo lingine halizungumzwi vya kutosha. Mtunzaji mweusi kutoka Afrika huchunguzwa kwa jicho kali zaidi kuliko mzungu mwenye uzoefu uleule, na hata akishapata nyumba, jirani anaweza kumwona akifungua lango na kuita polisi. Mwombe mwenye nyumba awaarifu majirani wa pande zote mbili kabla hajaondoka, awape jina na picha yako, na akuachie barua iliyosainiwa inayosema unakaa hapo kwa ruhusa yake kuanzia siku gani hadi siku gani. Ombi hilo halina aibu yoyote. Mwenye nyumba mwelewa atalikubali papo hapo, na anayelidharau amekuonyesha mapema jinsi atakavyokutendea.

Mazungumzo ya simu ya video

Usikubali nyumba yoyote bila kuonana na mwenyewe kwa video. Yeye anakupima, nawe mpime. Muulize mnyama analala wapi, anaachwa peke yake saa ngapi kwa siku, anakula nini na mara ngapi, ana ugonjwa gani, aliwahi kumuuma mtu au kutoroka. Wenye mbwa wengi Uingereza hawataki aachwe zaidi ya saa nne. Ukikubali sharti hilo, fahamu kwamba matembezi ya kwenda mji mwingine na kurudi jioni hayapo tena. Uliza daktari wa mifugo yuko wapi, nani atalipa akihitajika, na kama kuna kiwango cha fedha ambacho ukikifikia lazima umpigie mwenyewe kwanza. Yote hayo yaandikwe, hata kama ni kwa barua pepe fupi.

Uliza kuhusu kamera. Nyumba nyingi sasa zina kamera mlangoni, na hiyo ni haki ya mwenyewe. Kamera ya sebuleni au ya chumbani unakolala ni suala jingine. Ijulikane ilipo na izimwe ukiwa ndani, la sivyo tafuta nyumba nyingine. Uliza kama wageni wanaruhusiwa, kama kuna basi karibu, kama utahitaji gari. Nyumba za mashambani Ufaransa na Wales hupendeza kwenye picha, kisha unagundua duka la mkate liko umbali wa kilomita nane. Anayezuru Uingereza anaweza kuendesha kwa leseni ya nchi yake hadi miezi 12, lakini gari la mwenye nyumba uliguse tu ikiwa bima yake imeandikwa jina lako.

Mbwa wa kule na mbwa wa huku

Wengi wetu tumekulia na mbwa wa uani. Analinda, anakula ugali uliobaki, analala nje, na hakuna anayemwimbia. Mbwa utakayemkuta Leeds au Toronto analala juu ya kochi, pengine kitandani, ana siku yake ya kuzaliwa na ana daktari wake. Anayekwenda kule akidhani ni mchezo wa watu wenye fedha nyingi atafanya kazi mbaya. Kwa mzee aliyefiwa na mwenzake, mbwa yule ndiye anayepumua naye chumba kimoja. Ichukulie hivyo, hata kama wewe ungemlaza uani.

Mbwa hutembezwa, mara nyingi asubuhi na jioni, mvua inyeshe au theluji ianguke. Mfunge kamba hata kama mwenyewe humwachia, kwa sababu hakujui wewe na akikurupuka hatarudi ukimwita. Uingereza mbwa akiwa mahali pa watu lazima avae mkanda wa shingoni wenye jina na anwani ya mwenyewe, na sheria ya mwaka 1991 ya mbwa hatari inamgusa pia yule aliye na mbwa kwa wakati huo. Maana yake, akimuuma mtu bustanini ukiwa umemshika wewe, wewe ndiye utakayeulizwa. Kinyesi kiokote kwa mfuko; kukiacha kuna faini. Kama tangazo linamtaja mbwa wa aina ya XL Bully, jua kwamba England na Wales tangu Februari 2024 ni kosa kuwa naye bila cheti maalumu, na nje lazima afungwe kamba na mdomo. Mimi ningempitia mbali.

Chakula ndicho kinachoua bila mtu kukusudia. Chokoleti, zabibu mbichi na kavu, vitunguu maji na vitunguu saumu ni sumu kwa mbwa. Vivyo hivyo zailitoli, sukari ya kutengenezwa inayotiwa kwenye bazoka na baadhi ya siagi za karanga. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha na kumtoboa utumbo. Huruma ya kumgawia mbwa pilau yako, yenye kitunguu na saumu tele, inaweza kumlaza kwa daktari usiku huohuo.

Paka ana yake. Maua ya lili, yale marefu meupe yanayouzwa kila duka Ulaya, huharibu figo zake hata akilamba tu unga wa maua hayo uliomwangukia mgongoni. Ukiyakuta nyumbani au ukiletewa zawadi, yatoe nje. Dume anayeingia na kutoka kwenye sanduku lake la mchanga akijikamua bila mkojo kutoka ni mgonjwa wa dharura, na kungoja hadi asubuhi kunaweza kumuua. Paka asiyekula siku nzima ni wa kupigiwa simu daktari, maana paka akifunga siku kadhaa ini lake huharibika, hasa akiwa mnene. Mchanga wake safisha kila siku. Vijidudu vya toksoplasma vinavyotoka kwenye kinyesi cha paka huhitaji siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo anayesafisha kila siku anajikinga. Mjamzito asiuguse kabisa.

Wanyama wazee wa kule wengi wanatumia dawa. Ukikubali paka mwenye kisukari, utamdunga insulini mara mbili kwa siku, kila baada ya saa kumi na mbili hivi, na uliza mapema ufanye nini akikataa kula, kwa kuwa sindano bila chakula ni hatari. Ukisahau kama umemdunga au la, usirudie, piga simu. Mwambie mwenyewe akuonyeshe kwa vitendo kabla hajaondoka. Kama mkono wako unatetemeka kwa sindano, sema hapana kwenye simu ya video. Nyumba nyingine itapatikana.

Ukiumwa na mbwa au paka, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 zisizopungua, kisha nenda hospitali. Ushauri huo wa Shirika la Afya Duniani ni wa kufuatwa hata kama mnyama anaonekana mzima. Uingereza na New Zealand hakuna kichaa cha mbwa kwa mbwa na paka wa nchi hizo. Huku kwetu kipo, na Afrika Kusini pia, kwa hiyo chanjo isisubiri hata siku moja.

Kwa msomaji Mwislamu, suala la mbwa linahitaji kufikiriwa kabla ya kujaza fomu. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wa pwani yetu kuanzia Lamu hadi Kilwa, mate ya mbwa ni najisi nzito inayooshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Madhehebu ya Maliki yana mtazamo mwepesi zaidi. Muulize sheikhe unayemwamini. Njia rahisi ni kuchagua nyumba za paka tu, nazo ni nyingi sana, hasa mijini; paka ni twahara, na mtu wa Mji Mkongwe au Lamu amekua akipishana nao njiani. Kuna pia sungura, kuku, samaki wa kwenye tangi na kobe. Tovuti nyingi hukuwezesha kuchuja matangazo kwa aina ya mnyama.

Nyumba yenyewe, na baridi

Januari ndiyo nafasi nzuri ya kupata nyumba kwa muda mrefu, kwa sababu wazee wa Canada na kaskazini mwa Ulaya hukimbilia kwenye joto kwa miezi. Lakini ndiyo Januari hiyo ambayo maji huganda ndani ya mabomba na kuyapasua. Jifunze mtambo wa kupasha nyumba joto unavyowashwa na kuzimwa, na valvu kuu ya maji iko wapi, piga picha. Usiuzime kabisa kwa nia ya kumwekea mwenyewe akiba, na usiupandishe hadi ukavaa fulana ndani, kwa sababu bili ni yake. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji huchoma nyayo za mbwa, mwoshe miguu mkirudi. Maji ya kuzuia injini kuganda ni matamu na ni sumu kali kwa paka na mbwa. Yakidondoka gereji, yafute.

Saa za mwanga ni chache. Katikati ya Desemba kule Scotland jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Mtu wa kwetu akiwa peke yake katika nyumba ngeni, na giza hilo, anaweza kuzidiwa na upweke hata kama kila kitu kinakwenda sawa. Kwa safari ya miezi mingi, panga nyumba moja ndefu kwanza, kisha fupi fupi kuizunguka katika eneo moja, ili usitumie akiba yako kwenye treni na upate kujua watu wawili watatu wa kuzungumza nao.

Matapeli na wanaowinda watu

Mwenye nyumba wa kweli hakuombi fedha. Haombi amana, haombi "ada ya bima ya mnyama" kwa Western Union wala kwa M-Pesa. Anayekataa simu ya video, anayeharakisha, ambaye picha za nyumba yake ukizitafuta mtandaoni zinaonekana kwenye tangazo la hoteli, achana naye.

Hatari kubwa zaidi ni ile inayokuja kwa sura ya ukarimu. Mtu anakutumia tiketi, anakutafutia viza, anasema familia fulani ya Ghuba inahitaji dada wa kutunza paka na nyumba. Hilo si jambo tulilolieleza hapa. Hiyo ni ajira ya ndani, inayopaswa kuwa na mkataba ulioandikwa, wakala aliyesajiliwa na idhini ya mamlaka ya kazi ya nchi yako, na katika nchi nyingi za Ghuba mgeni kwa kawaida huruhusiwa kumfanyia kazi yule tu aliyemdhamini. Tunawajua mabinti waliokwenda kwa maneno matamu wakanyang'anywa pasipoti uwanjani. Pasipoti yako haishikwi na mwenye paka, mahali popote duniani. Waachie ndugu wawili nyumbani nakala yake, anwani kamili ya kila nyumba utakayolala na namba ya ubalozi wenu, na muwe na siku maalumu ya kupiga simu.

Ukiondoka, badilisha mashuka, osha vyombo, jaza chakula ulichokula kabatini, mwandikie mwenyewe jinsi mnyama alivyoshinda siku zake, na mtumie taarifa hata ya kikombe kilichovunjika. Mwombe aandike ushuhuda ndani ya wiki ileile, kwa sababu baada ya hapo watu husahau.

Na kabla ya yote hayo, kabla hujalipia uanachama wa tovuti yoyote, andika ile barua pepe kwa ubalozi wa nchi unayoitaka, uulize swali la kazi kwa maneno ya wazi, na ungoje jibu lao.